Nafsi Nayo Ina Haki: Simu ya Usiku Iliyotubadilisha Sisi Walimu

Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa mwalimu kabla ya walimu wote wa Umma huu. Ama baada ya hayo.

Wasomaji wapendwa wa kurasa hizi za familia, sisi ni mume na mke, na sote wawili ni wahadhiri wa chuo kikuu hapa Dar es Salaam. Mmoja wetu anafundisha takwimu, mwingine anafundisha kemia. Kwa zaidi ya miaka 15 tumesimama mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na tulikuwa tukijihesabu kuwa walimu wazuri. Hatukukosa vipindi, hatukupokea kitu cha mtu, na mitihani yetu haikupata kuvuja. Tunayoyaandika leo ni habari ya namna tulivyogundua kwamba hayo yote, pamoja na uzuri wake, hayakutosha. Aliyetuonyesha ni binti yetu wa kuzaa. Ametupa ruhusa ya kuyaandika, kwa sharti kwamba tusilitaje jina lake wala la chuo chake.

Simu ya saa 8 usiku

Miaka 3 iliyopita binti yetu alikuwa mwaka wa pili, katika chuo kilicho safari ya basi ya kutwa nzima kutoka nyumbani. Usiku mmoja, saa 8 na nusu, simu ililia. Alitoa salamu, akatuamkia kama ilivyo ada yake, kisha akauliza: "Mama, mkate wa kumimina unatiwa hamira kiasi gani?"

Mtu haulizi hamira saa 8 ya usiku. Tuliwasha taa, tukakaa kitandani, simu katikati yetu. Tukamjibu kwamba ni kijiko kimoja cha chai kwa vikombe viwili vya mchele, kisha tukanyamaza, tukamsubiri.

Baada ya kitambo alianza kusema. Hajalala usiku wa pili sasa. Ana majaribio matatu ndani ya wiki moja. Moyo unamwenda mbio hata akiwa ameketi, na chakula hakipiti kooni. Kisha akalitamka lile lililomtoa machozi: alipokuwa akiswali Isha alisimama katikati ya Suratul Fatiha asijue aya inayofuata. Alianza upya mara tatu. Sura aliyoijua tangu akiwa na miaka mitano ilikuwa imemkimbia. "Baba," akasema, "nadhani naondokewa na akili."

Tulimuuliza kama amemweleza mwalimu wake yeyote. Akacheka kicheko kisichokuwa na furaha. Akatusimulia kwamba siku ya kwanza ya muhula mhadhiri mmoja aliwaambia darasa zima kwamba kozi ile ina mlango mmoja wa kuingilia na milango kumi ya kutokea, na asiyeweza atangulie mapema awapishe wenzake. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Naye alicheka pamoja nao, kisha akayabeba maneno yale hadi wiki ya tisa.

Hatukuweza kutazamana. Maneno yale tulikuwa tunayajua. Mmoja wetu alikuwa akiyasema kila mwaka, karibu neno kwa neno, siku ya kwanza ya muhula, na kila mwaka ukumbi ulicheka. Ni msemo ambao wahadhiri tunarithishana, na tulidhani ni utani wa kuwachangamsha vijana. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, tuliusikia tukiwa upande wa pili wa ukumbi.

Kulipopambazuka mmoja wetu alipanda basi kwenda kumchukua. Nyumbani kila mtu alikuwa na neno lake. Shangazi mmoja alisema ni husuda, kwa kuwa binti alifaulu vizuri kidato cha sita. Jirani alisema ni jini. Hatuwalaumu, kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Sheikh wa msikiti wetu alikuja, akamsomea kwa utulivu, akamwombea dua, na kabla hajaondoka akatuuliza kama tumekwishampeleka hospitali. Daktari alituambia kwamba ni wasiwasi uliovuka mpaka, na sonona iliyokuwa ikianza, na kwamba kukosa usingizi kulikuwa kumeyakuza yote mawili. Kwa ushauri wake tuliandika barua ya kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja.

Imamu aliyefungwa ulimi

Katika wiki zile za kumuuguza tulirudi kwenye vitabu, tukakutana na habari ambayo tuliwahi kuipitia bila ya kuizingatia. Imamu Al-Ghazali (Allah amrehemu) alipokuwa akifundisha katika madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, mwezi wa Rajab mwaka 488 Hijria, sawa na mwaka 1095 Miladia, alifikwa na jambo ambalo amelisimulia mwenyewe katika kitabu chake, Al-Munqidh min adh-Dhalal. Ulimi wake ulifungika. Alijitahidi afundishe japo siku moja ili awaridhishe waliokuwa wakimjia, asiweze kutamka neno. Kisha chakula na kinywaji vikawa havishuki. Matabibu wakaishiwa na dawa, wakasema hili limeanzia moyoni ndipo likauenea mwili.

Sababu ya Imamu ilikuwa yake. Nafsi yake ilikuwa ikivutwa huku na umaarufu wa dunia na kule na maandalizi ya Akhera, na tiba yake ikawa kuuacha mji wa Baghdad. Hatumlinganishi binti yetu naye. Ila ilitupa faraja kubwa kujua kwamba mtu ambaye Umma ulimwita Hoja ya Uislamu aliwahi kufungwa ulimi mbele ya wanafunzi wake, na kwamba aliyaandika hayo bila ya kuona haya. Karne moja na nusu kabla yake Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, alikuwa ameandika kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, akieleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na huhitaji kulindwa kama mwili unavyolindwa. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba habari ya kuitunza nafsi ni mambo ya kuiga wageni, hawajasoma maktaba ya wazee wao wenyewe.

Na kabla ya hao wote kuna kisa cha Salman al-Farisi na Abu Dardai (R.A.), kilichopokewa katika Sahihi Bukhari. Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha kwa udugu. Salman alipomzuru ndugu yake alimkuta mkewe hajijali katika mavazi, na alipouliza akaambiwa kwamba Abu Dardai hana tena haja na dunia. Chakula kikaandaliwa, mwenyeji akasema amefunga. Salman akakataa kula mpaka mwenzake ale naye, wakala. Usiku Abu Dardai akataka kuinuka aswali, Salman akamwambia alale. Akalala. Akataka kuinuka tena, akamrudisha. Ulipofika mwisho wa usiku Salman akamwamsha, wakaswali pamoja, na hapo ndipo alipomfahamisha kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alisema kwamba Salman amesema kweli.

Kisa hiki tumekisikia mimbarini tangu utotoni. Safari hii tulikisoma kama walimu, na tukaliona jambo ambalo lilikuwa limetupita. Salman hakumpa ndugu yake mawaidha akaondoka. Alikaa naye mezani mpaka akala, akaupanga usiku wake ukawa na sehemu ya kulala na sehemu ya kuswali, na maneno yakaja mwisho, baada ya vitendo. Sisi tulikuwa tukifanya kinyume chake. Kila mwanzo wa mwaka chuo hualika mtu aje awaambie wanafunzi wapya walale vya kutosha, wale vizuri na wajitunze. Kisha tunawapa ratiba isiyokuwa na usiku ndani yake. Mwanafunzi hawezi kuipa nafsi yake haki ambayo mwalimu amekwishaichukua.

Tulichokibadilisha darasani

Tuliporudi kazini muhula uliofuata tuliamua kuanza na yale yaliyo mikononi mwetu. Hatuna mamlaka juu ya mikopo inayochelewa, wala juu ya hosteli zinazojaa, wala juu ya idadi ya wanafunzi ukumbini. Lakini muda wa kukusanya kazi ni wetu. Mpangilio wa majaribio ni wetu. Maneno ya siku ya kwanza ni yetu.

Tulianza na maneno. Yule miongoni mwetu aliyekuwa na msemo wa milango aliuacha. Badala yake, siku ya kwanza aliwaeleza wanafunzi kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa mwaka wa kwanza, alipata ule mtihani wa marudio wanaouita sapu, katika somo hili hili analowafundisha leo. Aliwaeleza alivyojificha kwa siku mbili, na mwalimu aliyemtafuta akamkalisha na kumwonyesha alipokosea. Ukumbi haukucheka. Ulinyamaza ukasikiliza. Kipindi kilipokwisha walikuwapo vijana 6 waliosubiri mlangoni, kila mmoja na swali lake, na hilo halikuwahi kututokea siku ya kwanza. Imamu Al-Ghazali alikwishafundisha katika Ihya kwamba wajibu wa kwanza wa mwalimu ni kuwahurumia wanafunzi kama anavyowahurumia wanawe, na kwamba kosa la mwanafunzi hurekebishwa kwa ishara na upole kabla ya kukemea hadharani. Tuliyajua hayo. Hatukuwa tumewahi kujiuliza yanahusu nini katika ukumbi wa watu 300.

La pili lilikuwa muda. Kazi za wanafunzi wetu zilikuwa zikipokelewa kwa kompyuta mpaka saa 6 usiku, na tulipoitazama kumbukumbu ya mfumo tuliona kwamba wengi hukusanya katika saa ile ya mwisho. Maana yake ni kwamba sisi ndio tuliokuwa tukiwakesha. Tukausogeza mwisho wa kupokea kazi uwe saa 10 alasiri, siku ya Alhamisi. Mwenye tatizo la mtandao sasa hutukuta ofisini. Binti anayetegemea kompyuta za maktaba hurudi hosteli jua lingalipo. Na usiku unabaki kuwa wa kulala, jambo ambalo lina faida hata kwa masomo yenyewe, kwa kuwa usingizi ndio wakati ambao ubongo huyaimarisha yale yaliyosomwa mchana. Kijana anayepiga msuli kwenye vimbweta mpaka alfajiri, kama wasemavyo wenyewe, anachota maji kwa pakacha.

La tatu lilikuwa majaribio. Katika kozi zetu alama 40 hutokana na kazi za muhula na 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Zile 40 tulikuwa tukizikusanya kwa majaribio mawili makubwa na kazi moja, kiasi kwamba homa ya siku moja ingeweza kumwangusha mtu. Sasa tunatoa majaribio mafupi 8 ya dakika 15, na tunahesabu 6 yaliyo bora. Aliyefiwa, aliyeugua, au aliyeamka tu vibaya, hana haja ya kuja kutuapia. Nayo si huruma tupu. Mwaka 2006 watafiti wawili nchini Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba waliosoma kifungu kisha wakajaribu kukikumbuka bila ya kukitazama, baada ya wiki walikikumbuka vizuri zaidi kuliko waliokirudia kukisoma tu. Maalimu wa chuoni kwetu zamani, aliyekuwa akitusikiliza kila asubuhi sura ya jana kabla ya kutupa ya leo, hakusoma utafiti huo, lakini siri yake alikuwa nayo.

La nne lilituaibisha kwa wepesi wake. Tuliwaalika chai wenzetu wanaofundisha wanafunzi wale wale wa mwaka wa kwanza, kila mmoja aje na tarehe zake. Tulipoziandika zote kwenye karatasi moja tukakuta kwamba katika wiki ya nane vijana wetu wana majaribio matano. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyekuwa amelikusudia hilo. Kila mmoja alikuwa ameona kwamba wiki ya nane ni katikati ya muhula, basi inafaa. Ilituchukua saa moja na birika mbili za chai kuyatawanya. Wakati ule tulimkumbuka binti yetu na majaribio yake matatu, tukajiuliza kama na kule walimu walikosa birika tu.

Yapo na mengine madogo. Kipindi cha saa mbili tunakikata katikati kwa dakika 10, wanafunzi wainuke, wanywe maji. Abdullah bin Mas'ud (R.A.) alikuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi, na alipoombwa iwe kila siku alikataa kwa kuchelea kuwachosha, akaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwachagulia wakati kwa kuchelea jambo hilo hilo. Ikiwa masahaba walichelewa kuchoshwa na mawaidha, vipi mtoto wa miaka 19 na hesabu za takwimu? Katika Ramadhani tunahamisha semina za saa 11 jioni, ili mtu asisome huku akifikiria atapata wapi futari. Na meseji za wanafunzi hatuzijibu baada ya Isha, tukawaeleza na sababu: nasi tuna nafsi, na watu wa nyumbani wana haki yao.

La mwisho katika haya ndilo zito kuliko yote. Katika semina, ambako wanafunzi ni 25 na majina yanashikika, asiyeonekana mara mbili mfululizo tunamwandikia maneno machache: "Tumekukosa. Uko salama?" Zamani tungeuliza kwa nini hakuja. Tofauti ya maswali haya mawili tuliifahamu kwa kijana mmoja aliyejibu baada ya siku 3. Fedha ya mkopo wake, ambayo wao huiita bumu, ilikuwa haijatoka, na alikuwa akilinda duka usiku ili ale. Hatukuwa na fedha ya kumpa kila mwenye shida kama yake. Tulimpeleka kwa mshauri wa wanafunzi, tukatembea naye mpaka mlangoni badala ya kumwelekeza kwa kidole, na suala lake likashughulikiwa. Alituambia baadaye kwamba alikuwa amekwishafunga begi lake.

"Mnawadekeza"

Si wote waliofurahi. Mwenzetu mmoja, mkubwa wetu kwa umri na kwa elimu, alituambia: "Mnawadekeza. Sisi tulisoma kwa kibatari, na tukafika." Tulimsikiliza kwa heshima, kwa kuwa ni kweli alisoma kwa kibatari. Tukamjibu kwamba mtihani wetu wa mwisho haukupunguzwa hata swali moja, na mtahini wa nje anauona. Anayeshindwa bado anashindwa, na wapo walioshindwa. Kisha tukamuuliza: "Mzee, wale mlioanza nao mwaka wa kwanza wakaishia njiani, walikuwa hawana akili?" Alinyamaza muda mrefu. Akataja jina la mtu mmoja, akasema alikuwa hodari wa hesabu kuliko wao wote. Hakuongeza neno, nasi hatukuongeza.

Tusije tukaonekana kwamba tumepata dawa ya kila kitu. Mwaka jana alikuwapo kijana wa safu ya nyuma, mpole, mwenye kofia ya kufuma. Alikosekana wiki ya tano na ya sita. Tulikuwa na rundo la karatasi za kusahihisha, tukasema tutamwandikia wiki ijayo. Tulimwandikia wiki ya nane. Simu yake ilikuwa imezimwa, na wenzake wa chumbani walisema amerudi kwao na hajulikani kama atarejea. Namba yake tungali nayo, na kila baada ya muda tunaijaribu. Utaratibu mzuri ulikuwapo. Sisi ndio tuliochelewa.

Na tumejifunza mpaka wetu. Sisi si matabibu. Mwalimu akiona mwanafunzi amebadilika, kazi yake ni kuona, kuuliza kwa upole, kusikiliza na kumfikisha kwa mwenye ujuzi. Akimsikia kijana anazungumzia kutotaka kuishi, asimwache peke yake hata kidogo, asimkemee kwamba hana imani, na ampeleke hospitali saa ile ile pamoja na mtu wake wa karibu.

Na sisi wazazi je?

Ingekuwa dhulma kuwalaumu walimu na kuwasahau wazazi, nasi tu wote wawili. Binti yetu alipopata nafuu alituambia jambo jingine, kwa adabu na bila ya hasira. Alisema kwamba katika mwaka ule na nusu kila tulipompigia simu, swali letu la kwanza baada ya salamu lilikuwa "masomo yanaendaje?" Jibu lilikuwa moja tu, kwamba yanaendelea vizuri. Na kila alipokuja likizo, mmoja wetu alimtambulisha kwa wageni kwa alama zake za kidato cha sita. Ndiyo maana usiku ule, alipotaka kusema kwamba anazama, hakupata mlango wa kuingilia ila hamira.

Siku hizi tunauliza mengine: umelala? Umekula nini leo? Umeswali jamaa na nani? Swali la tatu lina swali jingine ndani yake, nalo ni kama ana mwenzake, maana mwenye upweke huwa hana wa kumtaja. Kuhusu masomo tunasubiri aseme mwenyewe.

Nawe kijana unayesoma haya ukiwa hosteli, jua kwamba swala tano umepewa zikiwa na nyakati zake, na kila moja inakuinua kwenye daftari, inakutia maji usoni na kukuweka begani mwa mwenzako. Usiziswali mbio kama mtu anayeibiwa muda. Usingizi mfupi wa mchana ni Sunna, basi usiuonee haya. Na ukiona chakula hakipiti na usingizi hauji kwa siku kadhaa, mwambie mtu mapema, mchana, kabla hujafika saa 8 ya usiku.

Binti yetu alirudi chuoni baada ya mwaka wake wa mapumziko. Amebakiza muhula mmoja. Mwaka huu alipata sapu moja, na alitupigia simu kutueleza siku matokeo yalipotoka, mchana kweupe, akiwa njiani kutoka sokoni. Tulimshukuru kwa kutuambia, na tukamwachia mwenyewe atueleze atakavyojiandaa. Wiki iliyofuata alipiga tena baada ya Alasiri, akauliza juu ya mkate wa kumimina. Safari hii kulikuwa na kelele za wenzake jikoni na kulikuwa na tui kweli. Jioni akatutumia picha. Mkate ulikuwa umedidimia katikati, kwa kuwa hakusubiri unga uumuke. Tukamwambia hivyo, na tukasikia akiwaambia wenzake huku akicheka: "Mama anasema tulikuwa na haraka."

Tunamwomba Allah (S.W.) awape watoto wetu elimu yenye manufaa na nyoyo zilizotulia, awape walimu wao huruma pamoja na uadilifu, amrudishe salama kila aliyefunga begi lake bila ya kuaga, na atusamehe kwa maneno tuliyoyasema tukidhani ni mzaha. Amin.

Wallahu a'lam.